Barua kwa Shangazi: Kanga ya Mama Haijafuliwa

Toleo lililopita nilimjibu msomaji aliyelalamika kwamba tui lake linakatika kila akipika samaki. Nikamwambia tui zito huingia mwisho, moto mdogo, bila kifuniko, na mkono usiache kukoroga. Halafu nikataja kwa kupita tu kwamba mimi bado nakunia nazi kwenye mbuzi ya marehemu mama yangu, mbuzi iliyobadilishwa mguu mara mbili na chuma mara moja. Nilidhani nimeandika habari za jikoni. Barua zilizokuja baada ya hapo hazikuuliza tui tena, zote zilikuja na mama zao.

Nimechagua nne. Waliobaki mniwie radhi. Na wewe wa Morogoro uliyeuliza kama ni vibaya kuuza kitanda cha mama ili ulipe ada ya mdogo wako: ndugu zako wakiridhia, uza. Ada haisubiri.

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, sasa naishi Mbagala. Mama alifariki miezi minane iliyopita, akaacha doti 23 za kanga. Doti ya mwisho aliyovaa kabla hatujampeleka hospitali ni ile ya "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake". Kipande alichojifunga ninacho mimi. Kile alichojitanda alikichukua dada yangu, na hata matanga hayajaanuliwa akakifua kwa sabuni ya unga akakianika. Mpaka leo moyo wangu haujatulia juu yake. Changu nimekitia kwenye mfuko wa nailoni nikaufunga fundo. Kila Ijumaa naufungua kidogo, nanusa, nafunga. Harufu inapungua. Wifi yangu anasema nafuga mzimu. Dada anataka tugawane kanga zote zilizobaki, na mimi naona kama tunamgawana mama mwenyewe. Juzi nilikuwa napika, nikajikuta naonja mchuzi kwenye kiganja kama alivyokuwa akifanya yeye. Nikazima jiko, nikakaa chini. Nifanyeje?
*Binti wa Pangani, Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Kabla hujaendelea kusoma, nenda kaitoe hiyo kanga kwenye nailoni. Nakungoja.

Mimi nilifanya hivyo hivyo. Mama yangu alifariki mwaka 1996, wakati wa masika. Nikakunja kanga yake, nikaitia kwenye mfuko, mfuko nikautia ndani ya sanduku la bati, sanduku nikalisukuma chini ya kitanda, katika nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, ambako hata chumvi kwenye kikombe hulowa yenyewe. Nilipofungua mwaka uliofuata nilikuta madoa meusi, utadhani mtu kaimwagia pilipili manga. Harufu haikuwa ya mama, ilikuwa ya kuvu. Nikaifua mara tatu, madoa hayakutoka. Mara ya nne ikachanika mkononi mwangu.

Nguo ya pamba iliyovaliwa ina jasho na mafuta ya nywele ndani yake, na nailoni hufungia unyevu humo humo. Kwa hiyo iviringe kwenye shuka jeupe la pamba, lililofuliwa na kusuuzwa mpaka sabuni imetoka yote. Iweke rafu ya juu kabatini, isigusane na ukuta. Vidonge vya nondo usitie. Vitafukuza nondo, ni kweli, lakini harufu ya mama nayo haitamaliza siku. Karafuu watie kwenye zile zilizofuliwa, si hii. Na kila baada ya miezi michache ikunjue, uikunje kwa mikunjo mingine, maana kanga ikikaa miaka na mkunjo ule ule hukatikia pale pale.

Pamoja na hayo yote, harufu itakwisha. Kila Ijumaa unapofungua fundo unaitoa wewe mwenyewe. Kwa hiyo, maadamu bado ipo kidogo, kaa chini na kalamu uandike ni harufu ya nini. Usiandike "harufu ya mama", hiyo haitakusaidia miaka kumi ijayo. Je, ni mafuta ya nazi? Ya kukamua nyumbani au ya chupa ya dukani? Alikuwa akifutika asumini nywelini? Akijifukiza udi? Alichua magoti kwa dawa gani? Alipikia kuni au mkaa? Mama yangu alikuwa akichoma vitumbua barazani tangu kabla ya alfajiri, na ilinichukua miaka kutambua kwamba harufu yake ilikuwa iliki, mafuta ya moto na moshi wa vifuu vya nazi. Nilitambua siku jirani yetu mgeni alipowasha jiko la vifuu akaanza kuchoma vitumbua. Nikaenda kusimama mlangoni kwake kama mtu anayedai. Yule mwanamke akaniuliza nataka vingapi. Sikuweza hata kumjibu.

Sasa dada yako. Hebu mfikirie mama yako, mwanamke wa Pangani, akute kanga yenye jasho imekaa kabatini miezi minane. Angesema nini? Dada yako alifanya alichofundishwa na mama yenu: nguo iliyovaliwa hufuliwa. Nadhani alipoianika alikuwa analia vile vile unavyolia wewe ukinusa, ila yeye mikono ilihitaji kazi. Doti ni vipande viwili. Chake kimefuliwa, chako hakijafuliwa, na vyote viwili ni vya mama. Kuna siku utamwazima chako na yeye akuazime chake. Usimnunie mpaka siku hiyo.

Kuhusu kugawana, hapo hakuna ushairi. Kanga za marehemu ni mirathi kama shamba lilivyo mirathi. Kama ninyi ni Waislamu, hata moja haitolewi sadaka mpaka warithi wote waridhie. Kama ni Wakristo, dada bado ni dada. Gawaneni, kwa kura kama mnagombea zile nzuri.

Lakini kabla ya kura, kaeni wawili na daftari, mkunjue moja moja, msome majina. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo na mji ni za macho, ila jina hakuna mwanamke wa pwani anayelinunua bila kulisoma. Andikeni: jina ni hili, rangi ni hizi, aliinunua mwaka gani, aliletewa na nani, na alipoivaa mara ya kwanza alikuwa anamjibu nani. Nyinyi wawili mtajua chache. Nyingine wanazijua mashoga zake, nao wanazeeka, basi msingoje Idi wala Krismasi. Pandeni basi mwende Pangani na kanga zenyewe, si picha za simu. Mtu mzima akishika kitambaa hukumbuka yasiyokumbukwa kwa kuulizwa.

Nitakupa mfano wangu. Mwaka 1983, nchi haina sabuni, haina sukari, mimi nikiwa na miaka 18, tulipanga foleni duka la ushirika tangu usiku kwa sababu ilisemekana kanga zimeletwa. Hukuwa unachagua, ulipewa iliyopo. Lakini mama alipofika mezani alikataa doti aliyopewa, akabadilishana na mwanamke wa nyuma yake, akaondoka na "Japo sipati tamaa sikati". Mimi nilicheka njia nzima. Nilidhani anaisema sukari. Miaka kumi baada ya mazishi yake, shoga yake mmoja aliishika ile kanga akaniuliza kama najua kwa nini aliitaka. Sikujua. Akaniambia mama alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili mfululizo, hakumwambia mtu pale nyumbani isipokuwa baba, na mwaka ule alikuwa anajaribu tena. Kitinda mimba wetu alizaliwa 1985.

Kanga hiyo sikuitia kwenye nailoni. Naivaa, na imepauka vibaya.

Kuonja kwenye kiganja sina la kukuambia, ila uwashe jiko tena umalizie mchuzi. Mimi hugonga mwiko mara mbili kwenye ukingo wa sufuria kabla ya kuuweka chini. Mjukuu wangu naye hugonga mara mbili, na hakuwahi kumwona mama yangu.

Wifi yako mwambie mzimu haufugwi kwa kanga moja. Unadai kuku na ubani, na wewe hujadaiwa hata kijiti cha udi.

Assalaam alaykum, Bi Shangazi. Mimi ni mtu wa Unguja, niko Muscat tangu 1988. Miaka ile barua zetu zilikuwa kaseti. Mama alisoma Kurani vizuri kabisa, lakini kalamu ilikuwa ikimtoa jasho, basi akirekodi na kumpa msafiri. Ninazo kaseti 11. Mama alitangulia mbele ya haki mwaka 2003, na tangu hapo sijazipiga hata moja. Naogopa mkanda utakatika, na kwa kweli naiogopa na sauti yenyewe. Wanangu, ambao Kiarabu ni chepesi kwao kuliko Kiswahili, wanataka kumsikia bibi yao. Unanishauri nini?
*Mwana wa Mji Mkongwe, Muscat*

Waalaykum salaam, kaka yangu.

Anza na jambo la dakika moja. Shika kaseti, tazama ule ukingo wa juu, upande wa pili wa pale mkanda unapoonekana. Kuna vipande viwili vidogo vya plastiki, kimoja kwa kila upande wa kaseti. Vivunje kwa ncha ya kisu, vyote 22. Vikishavunjwa, redio haitakubali kurekodi juu yake. Mimi sikuvivunja. Sauti ya mama yangu ilikuwa kwenye kaseti moja ya dakika 60, na mwaka 1998 mdogo wangu akarekodi taarabu kutoka redioni juu yake, bila ubaya wowote, aliiona kaseti haina maandishi. Wimbo ulikwisha kabla ya mkanda. Pale mwishoni, baada ya wimbo, mama anasema: "Zima, betri zinakwisha." Basi. Hiyo ndiyo niliyo nayo. Kwa hiyo andika pia na juu ya kila kaseti, kwa kalamu isiyofutika.

Kisha kagua mkanda kupitia kile kidirisha. Ukiona unga mweupe au ukungu, hiyo usiipige, ni kuvu. Itahamia kwenye kichwa cha redio na kutoka hapo kwenye nyingine zote. Iweke kando, mtafute fundi anayejua kusafisha mikanda. Zilizo safi, ziviringe mpaka mwisho na kuzirudisha mwanzo bila kusimama, ili mkanda uliolala miaka ishirini na zaidi uachane. Safisha kichwa cha redio kwa pamba yenye spiriti. Tumia redio unayoiamini, usianze na ile ya mnadani. Tundu la spika za masikioni litoe waya kwenda kwenye kompyuta, urekodi. Upande wa dakika 30 huchukua dakika 30, hakuna njia ya mkato, nawe utalazimika kukaa hapo usikilize. Labda ndivyo ilivyo heri. Zikishaingia kwenye kompyuta, mpelekee nakala ndugu yako aliye Unguja na nyingine iwe kwa mwanao. Kaseti zenyewe zisimamishe wima mahali pakavu, mbali na spika kubwa maana zina sumaku.

Fundi akikwambia atakuondolea kelele, mwambie aziache. Hizo kelele ni muuza kahawa anagonganisha vikombe chini ya dirisha lenu, ni adhana, ni mtoto wa jirani. Mama yako alikuwa ndani ya hizo.

Wanao wasisikilize peke yao mara ya kwanza. Mama zetu walianza na salamu, na salamu zao zilikuwa na majina: fulani anakusalimu, fulani amejifungua, fulani yule wa Vuga bado anakohoa. Kwako ni mtaa mzima unapita. Kwa wanao ni majina matupu. Simamisha kila jina umweleze ni nani, mmoja kati yao aandike. Usipofanya wewe, hakuna mwingine Muscat atakayeweza.

Na kuhusu kuogopa sauti, usianze na kaseti ya mwisho. Anza na ile aliyokugombeza. Ipo, naijua ipo. Labda ulichelewesha fedha za mfungo au ulioa bila kumwambia mapema. Sauti ya mama akigomba haitakuliza haraka. Utajikuta unajitetea.

Shangazi, mambo? Mama alifariki mwaka juzi. Nilikuwa namtumia ujumbe kila usiku kwenye namba yake, namwambia siku yangu ilivyokwenda. Nilijua haufiki, ila nilikuwa nalala vizuri. Wiki iliyopita ujumbe ukajibiwa: "We nani?" Nimeshindwa kula siku mbili.
*K., Mwanza*

Pole sana mwanangu. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na baadaye namba hiyo hupewa mteja mwingine. Huyo aliyejibu hana kosa, pengine na yeye ameshtuka kusoma habari za siku yako. Mwandikie mara moja tu: samahani, namba hii ilikuwa ya mama yangu. Basi, usimsimulie zaidi, na jina la mama ulitoe kwenye namba hiyo.

Mazungumzo yenu ya zamani yamo kwenye simu yako, hayakuondoka na laini. Zile sauti alizokutumia zihamishe leo kwenye kompyuta ya mtu unayemwamini au kadi nyingine, kwa sababu simu huibiwa, tena Mwanza. Na kama usiku bado una la kumwambia, nunua daftari. Kula kwanza.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa kiume, miaka 26, niko Wete, Pemba. Mama alikuwa akisuka ukili, ule utepe mrefu wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka, kila alasiri mlangoni. Alipofariki aliacha ukili wa mkeka ambao haujesha, umeviringwa na kufungwa kwa kamba. Siku tatu kabla, aliniambia amefika pima 12. Ndugu zake wanasema ushonwe hivyo hivyo. Jirani anasema atauendeleza yeye. Mimi nilitaka kujifunza niumalizie mwenyewe, lakini wenzangu watanicheka, hiyo ni kazi ya wanawake.
*Msomaji wako, Wete*

Marahaba. Hao wenzako baba zao wanasuka madema ya kuvulia samaki, na sijasikia Pemba nzima mtu akiwacheka. Ukitaka kujifunza kusuka, jifunze, ukindu upo.

Lakini kwenye ukili huu usijifunzie. Wala jirani asiuendeleze, hata kama mkono wake ni mzuri kuliko wa mama. Ukili wa mtu unajulikana, jinsi anavyokaza na jinsi anavyoingiza jani jipya, na kwenye mkeka hapo penye mkono wa mwingine patakuwa kama kiraka. Kuuacha umeviringwa nako sikushauri, ukindu ukikauka miaka huvunjika na wadudu huusaga. Kwa hiyo nakubaliana na ndugu zake: ushonwe ulivyo. Kama hautoshi mkeka wa kulalia, ushonwe msala. Msala hauli ukili mwingi. Utasali juu yake na wewe na, inshallah, watoto wako.

Ila usiupeleke kwa mshonaji wiki hii. Kwanza ufunike kwa kitambaa chenye unyevunyevu usiku mmoja ili usivunjike ukikunjuliwa. Asubuhi ukunjue uani, mtu mmoja akushikie ncha ile aliyoanzia. Kisha upime. Unajua pima: mikono miwili imenyooshwa, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, na mama alipima kwa mikono yake, si kwa futi kamba. Kwake ilikuwa 12. Wewe ni mwanamume, pengine mikono yako ni mirefu, basi hutafika 12. Utapata 11, au 10 na kitu. Chukua futi kamba ya fundi cherehani, upime ukili wote kwa sentimita, ugawanye kwa 12. Hapo utakuwa umejua mama alipofungua mikono yake ilifika wapi. Weka alama ukutani, kifua chako kikiwa katikati.

Kama aliongeza kidogo siku zile tatu za mwisho, hesabu itazidi kwa vidole viwili vitatu, si neno. Niandikie umepata pima ngapi.